Derek Bryceson: Waziri Mzungu aliyeomba kura Kinondoni

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, katika majimbo ya Kinondoni na Temeke swali huwa lile lile: mbunge aliyepo arudi au apumzishwe? Katika makala hii ya historia tunamwangalia mwanasiasa aliyepita katika mtihani huo zaidi ya mara moja, katika mazingira ambayo wengi walidhani yangemwangusha. Ni Derek Bryceson, Mtanzania mwenye asili ya Uingereza, waziri katika serikali ya Mwalimu Julius Nyerere na mbunge wa Kinondoni.

Bryceson alizaliwa China mwaka 1922, katika familia ya Waingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza. Ndege yake ilitunguliwa, akaumia vibaya, na tangu hapo alitembea kwa msaada wa bakora. Baada ya vita alisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akahamia Kenya, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaja Tanganyika na kuanza kilimo katika eneo la Kilimanjaro.

Mwaka 1957 aliingizwa katika serikali ya kikoloni akiwa waziri msaidizi. Kilichombadilishia njia ni uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959, maarufu kama uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu kwa mkupuo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wanachama wengi wa TANU waliuchukia utaratibu huo na kutaka chama kiususie. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu aliwashawishi washiriki, na TANU ikaamua kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana na madai ya uhuru. Katika Jimbo la Kaskazini chama kilisimama na Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Bryceson. Wote watatu walishinda.

Julai 1959 Bryceson akawa miongoni mwa mawaziri watano wa kwanza waliotoka katika wajumbe wa kuchaguliwa, akikabidhiwa Madini na Biashara. Mwaka uliofuata, Mwalimu alipounda serikali akiwa Waziri Kiongozi, Bryceson alipewa Afya na Kazi. Baada ya uhuru wizara iliyohusishwa zaidi na jina lake ilikuwa Kilimo.

Hata hivyo, nafasi ya watu wa aina yake haikuwa ya uhakika. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika pekee. Mwalimu alikataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Wakati huo TANU yenyewe ilikuwa bado haijafungua milango kwa wasio Waafrika. Ilifanya hivyo Januari 1963.

Mtihani halisi ulikuja Septemba 1965. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, na utaratibu wake ulikuwa mpya kabisa. Karibu katika kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili. Mkutano wa chama wa wilaya uliwapigia kura waombaji, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikatoa uamuzi wa mwisho. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wagombea walisimama jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, na walizungumza Kiswahili. Kampeni za kabila, dini au rangi zilipigwa marufuku.

Bryceson alisimama Dar es Salaam, upande wa Kinondoni, dhidi ya mgombea Mwafrika. Safari hii hakukuwa na kiti kilichotengwa kwa ajili ya Mzungu. Wapiga kura wengi mno walikuwa Waafrika, na ndani ya chumba cha kura hakuna aliyeweza kuwazuia kuangalia rangi. Walimpa ushindi mkubwa.

Ushindi huo una uzito zaidi tukiangalia walioanguka. Paul Bomani, Waziri wa Fedha aliyejenga jina katika vyama vya ushirika vya pamba, alishindwa Mwanza. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU tangu mwaka 1955, alishindwa Rufiji. Kwa jumla mawaziri wawili na mawaziri wadogo sita walipoteza viti. Wananchi walionyesha kwamba cheo na historia ya kupigania uhuru havikutosha kumrudisha mtu bungeni.

Hatuna budi pia kutaja mipaka ya uchaguzi ule. Mpiga kura aliweza kumkataa mbunge, lakini hakuweza kukikataa chama, na waliopita kwenye mchujo ndio pekee aliowaona kwenye karatasi. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992 tu.

Mwaka 1970 Bryceson aliomba tena ridhaa ya wananchi na akarudishwa. Mwaka 1972 alipewa jukumu la kuongoza Hifadhi za Taifa. Kazi hiyo ilimkutanisha na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, wakaoana mwaka 1975. Mei mwaka huo huo watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika na kuwateka wanafunzi wanne wa Gombe. Baada ya tukio hilo watafiti wa kigeni waliondoka, na utafiti uliendelea mikononi mwa wafanyakazi wa Kitanzania, huku Bryceson akisaidia kuusimamia.

Alifariki kwa saratani Oktoba 1980, alikokwenda kutibiwa Ujerumani, mwezi ule ule Watanzania walipokuwa wakijiandaa kupiga kura tarehe 26.

Leo Kinondoni aliyoiwakilisha imebadilika mno. Manispaa ya Kinondoni imemegwa na Ubungo imepata manispaa yake, kama Kigamboni ilivyotoka Temeke. Wagombea ni wengi na vyama ni vingi. Lakini wanaomtetea au kumpinga mbunge aliyepo wanarudia mjadala ambao wakazi wa Dar es Salaam waliwahi kuumaliza kwa sanduku la kura: mtu apimwe kwa asili yake, au kwa kazi aliyoifanya?