Muyaka bin Haji na Kumbukumbu ya Mvita

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1776, aliishi Mvita katika zama za Mazrui, watawala waliokaa Ngomeni na kukataa kuitii Oman. Alikuwa mfanyabiashara wa baharini na mshairi aliyejibizana na malenga wa Lamu katika uhasama ulioambatana na vita vya Shela. Wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Sifa hiyo anaistahili, lakini uzito zaidi uko katika namna tungo zenyewe zilivyosalia.

Mwaka 1837 Seyyid Said aliwakamata wakuu wa Mazrui na utawala wao ukaanguka. Muyaka alifariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilibaki vifuani mwa wenyeji, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alipoziandika kwa hati za Kiarabu pamoja na maelezo, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa mwaka 1940 na William Hichens.

Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alipendekeza kwamba viungo baina ya seli za neva huimarika seli hizo zinapoamka pamoja. Mwaka 1965 David Hubel na Torsten Wiesel walieleza jinsi walivyoyapotosha macho ya watoto wa paka yasielekee mahali pamoja. Kwa kawaida seli nyingi za ubongo wa kuonea huitikia macho yote mawili; kwa paka hao, nyingi ziliitikia jicho moja tu. Ishara zilizoacha kufika sambamba ziligombania seli, na kila kundi likatwaliwa na upande wake.

Shairi la Muyaka lina mishororo minne, mizani 16 kila mmoja, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Likighaniwa, sauti, pumzi na maana humfikia msikilizaji kwa pamoja. Neno likipotea, kina hulidai. Ulinganisho huu si ushahidi wa maabara, ila unaangaza fumbo moja. Mazrui walipokuwa Ngomeni, ubeti na ugomvi uliouzaa vilisikika siku moja, mtaa mmoja. Walipoondolewa, ubeti uliendelea kughaniwa Mji wa Kale bila kisa chake. Maneno yakadumu, visa vikalegea, ndipo maelezo ya Mwalimu Sikujua yakahitajika. Zipo beti ambazo wasomi wangali wanabishana kama ni za mapenzi au za siasa, kwani kina hakiwezi kulirudisha jina ambalo halikuwamo katika ubeti.