Otto Loewi na Mioyo Miwili ya Chura

Wale waliopita maabara ya biolojia wanamkumbuka chura: kifua kimepasuliwa, moyo ungali unadunda. Tunashangaa kwa dakika chache, kisha kengele ya chakula inalia na mambo yanaishia hapo. Otto Loewi, ambaye maisha yake tunayasimulia leo, hakuacha kushangaa.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 3 Juni 1873, katika familia ya Kiyahudi iliyofanya biashara ya divai. Yeye alipenda historia ya sanaa. Jamaa zake ndio waliomsukuma kwenye udaktari, akasoma Strasbourg. Alipohitimu alifanya kazi hospitalini, akawaona wagonjwa wa kifua kikuu na nimonia wakifa mmoja baada ya mwingine bila dawa ya kuwasaidia. Hakuweza kuvumilia. Akaacha wodi, akageukia famakolojia, yaani elimu ya namna dawa zinavyofanya kazi mwilini. Mwaka 1909 akapewa uprofesa wa elimu hiyo mjini Graz, Austria.

Siku hizo wataalamu walibishana: neva inapouamuru moyo upunguze mwendo, amri hiyo inafikaje? Wengi waliamini ni umeme tu. Loewi alikuwa amedhani tangu 1903 kwamba huenda ni kemikali, lakini hakuona njia ya kuthibitisha, na wazo lenyewe likamtoka akilini.

Kwa simulizi yake mwenyewe, usiku wa kuamkia Jumapili ya Pasaka mwaka 1920 alizinduka usingizini na wazo, akaliandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi alijua ameandika jambo kubwa, ila mwandiko haukusomeka! Sisi tunaoandika tafakari usiku huku tukisinzia tunamwelewa. Siku nzima ya Pasaka alihangaika na kikaratasi kile bila mafanikio. Usiku uliofuata, saa tisa, wazo likarudi: lilikuwa ni jaribio. Safari hii hakungoja kuche, aliondoka moja kwa moja kwenda maabara.

Alichukua mioyo miwili ya chura, mmoja ukiwa na neva zake na mwingine hauna, akaitia maji ya chumvi. Akaichochea kwa umeme neva ya vagasi kwenye moyo wa kwanza, mapigo yakapungua. Kisha akayachukua maji ya moyo ule, akayatia katika moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna neva yoyote iliyochochewa kwake. Basi kulikuwa na kitu ndani ya maji. Alipochochea neva inayoharakisha moyo, maji yake yaliuharakisha na moyo wa pili.

Kitu kile kilichopunguza mapigo baadaye kilitambuliwa kuwa asetilikolini. Loewi alionyesha pia kwamba mwilini kuna kimeng'enya kinachoivunja upesi, na kwamba eserini, dawa itokayo katika haragwe la Calabar la Afrika Magharibi, hukizuia kimeng'enya hicho. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na rafiki yake Mwingereza, Henry Dale.

Machi 1938 Wanazi waliitwaa Austria, na usiku uleule askari wakamkamata Loewi nyumbani kwake. Wanawe wawili nao walikamatwa. Gerezani aliamini atauawa, na kilichomtesa ni matokeo ya jaribio lake la mwisho, ambayo yalikuwa hayajachapishwa. Akaomba kalamu na postikadi, akayaandika na kuyatuma kwa jarida la sayansi. Hapo akapata utulivu. Baada ya miezi kama miwili aliachiliwa, lakini kabla ya kuruhusiwa kuondoka alilazimishwa kuhamisha fedha zake za Nobel kutoka Stockholm hadi benki iliyokuwa mikononi mwa Wanazi. Alitoka Austria mikono mitupu. Mkewe, Guida, alizuiliwa nyuma, na ilipita miaka kabla hawajaishi tena pamoja.

Mwaka 1940 alifika New York, akafundisha chuo kikuu. Siku hizi tunajua kwamba asetilikolini ikishika kwenye kipokezi cha seli ya moyo, vijilango vya potasiamu hufunguka, ioni zikatoka nje, na moyo ukatulia. Loewi hakuwa na chombo cha kuvionea vijilango hivyo. Alikuwa na vyura na maji ya chumvi. Alifariki New York siku ya Noeli, 25 Desemba 1961, akiwa na miaka 88.