Tom Mboya na Hesabu Iliyomfikia Mtoto wa Galbet



Ndugu msomaji, ukipanda basi hapa Garissa kwenda Nairobi, ukishapita Mwingi na Matuu, kabla hujafika Thika hebu tazama mkono wa kushoto. Utaona mlima umesimama peke yake. Huo ni Kilimambogo. Karibu na hapo, kwenye shamba la mkonge la walowezi, alizaliwa Thomas Joseph Mboya tarehe 15 Agosti 1930. Babake alikuwa mnyapara wa shamba hilo, na kwao asili ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria.

Najua utauliza: huyu hakuwa Mwislamu wala hakutoka kwetu, sasa anatafuta nini katika jarida la Ramadhani? Subiri kidogo. Maisha yake yanakuhusu wewe uliyeketi Galbet ukingoja adhana ya Magharibi, hata kama hujawahi kulitaja jina lake.

Mboya alisoma shule za misheni, akafika Mang'u. Mwaka 1947 masomo yalikatika kwa kukosa karo. Wewe uliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo unaujua uchungu huo. Akasomea kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko akaona Mwafrika analipwa kidogo kuliko mzungu kwa kazi ile ile. Akaanzisha chama cha wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958 akaongoza mkutano mkubwa wa Waafrika kule Accra. Alikuwa na miaka 28 tu!

Basi sikiliza jambo la kwanza alilowafanyia waliokuja nyuma yake. Kenya ilikuwa inakaribia uhuru na wasomi walikuwa wa kuhesabika. Mboya akaenda Marekani, akazunguka akiomba nafasi za vyuo na nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Miaka iliyofuata wakaondoka mamia wengine. Serikali ya mkoloni haikupendezwa, maana haikuona faida ya kumpeleka mtoto wa mkulima ng'ambo. Lakini katika waliosafiri mwaka 1960 alikuwemo msichana kutoka Nyeri, Wangari Maathai. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hesabu miaka: 44. Hiyo ndiyo mbegu ya mtu anayefikiria kesho.

Sasa njoo jambo la pili. Desemba 1964 Mboya akawa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka Nambari 10. Hakuwa peke yake, serikali nzima ya Mzee Jomo Kenyatta iliupitisha, ila wizara yake ndiyo iliyousimamia. Waraka ulisema pesa za maendeleo ziende mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kwa maendeleo. Ukatoa na mfano. Pauni milioni 1 ukiziweka sehemu moja huenda zikaongeza pato kwa pauni 20,000; ukiziweka sehemu nyingine, 100,000. Basi weka pale penye 100,000, halafu ile faida itumike kuisaidia sehemu ya kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu.

Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kosa. Lakini tujipime. Mvua? Haba. Lami? Hakuna. Umeme? Usiulize. Na wakati waraka unaandikwa, mkoa wetu ulikuwa chini ya hali ya hatari tangu Desemba 1963, vita vya Shifta vikiendelea. Nani angetuhesabu kuwa watu walio tayari kwa maendeleo? Pesa zikaenda kwingine. Ile nusu ya pili, ahadi ya kuturudishia faida, haikuwekewa kiasi wala tarehe.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi, akitoka duka la dawa. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Mwandishi akaenda, waraka ukabaki, na ahadi ikakosa mwenyewe. Sheria za hali ya hatari zilifutwa mwaka 1991. Chuo kikuu cha umma kilifunguliwa Garissa mwaka 2011. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule wa waraka alikuwa na miaka 46, pengine babu tayari.

Na tazama ajabu: Desemba 2019 kilizinduliwa hapa Garissa kituo cha umeme wa jua cha megawati 50. Jua hili hili! Mwaka 1965 lilikuwepo likiwaka, ila halikuingia katika hesabu ya mali. Anayehesabu faida ya leo tu huacha nje mali ambayo bado haijajulikana, na watu ambao bado hawajazaliwa.

Sisi Waislamu tuna kipimo chetu hapa. Iraq ilipofunguliwa, wapiganaji wengi walitaka ardhi yake igawanywe kwao. Sayyidna Umar ibn al-Khattab (r.a.) alikataa baada ya kushauriana na Masahaba. Aliwaachia wakulima ardhi, wakalipa kodi kwa hazina ya Waislamu, ili na watakaokuja baadaye wakute kitu. Aliwapa fungu wasiokuwepo kikaoni.

Msomaji, tusimlaumu Mboya peke yake halafu tulale. Katiba ya 2010 imeweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Umepewa miaka 20, yaani mpaka 2030, isipokuwa Bunge liuongezee muda. Safari hii ahadi ina kiasi na ina tarehe. Je, umewahi kumwuliza mbunge wako fungu letu liko wapi? Au ulimwuliza tu atatoa ngapi siku ya kura?

Na tangu 2013 kaunti inapanga bajeti yake yenyewe. Wacha nikuulize lililo gumu zaidi: sisi wa mjini tukiketi kugawa, je, mtoto wa Hulugho au Balambala hatumwambii yale yale, kwamba kwenu watu ni wachache, faida haionekani, ngojeni? Basari ikigawanywa kwa ukoo, kisima kikichimbwa penye kura nyingi, huo ni Waraka Nambari 10 wetu wenyewe.

Ramadhani hii, ukitoa sadaka yako, kumbuka ile inayoendelea baada ya mtu kufa. Kura ni amana, na bajeti pia ni amana. Nenda kwenye mkutano wa maoni ya bajeti, keti, uliza, andika walichoahidi, weka na tarehe.

Allah atukubalie saumu zetu, na wajukuu wetu watuombee rehema badala ya kutushtaki. Amin.