Tom Mboya: Mwana wa Rusinga aliyetumwa bungeni na Nairobi

KABURI la Thomas Joseph Mboya limo katika kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, lakini kisiwa hicho hakikuwa kamwe eneo lake la uwakilishi. Kwa miaka 12 aliwakilisha Nairobi.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, Leonard Ndiege, mzaliwa wa Rusinga, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Baada ya kusomea Yala na Mang'u, alifunzwa ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Alijitosa katika harakati za kutetea wafanyakazi, na mnamo 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao.

Mnamo Machi 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyao vilikuwa vinane pekee nchini kote. Nyanza Kusini, ambamo Homa Bay na Migori zilikuwemo, ilipewa kimoja, kikatwaliwa na Lawrence Oguda. Leo kaunti hizo mbili zina maeneobunge 16.

Mboya hakurudi nyumbani kuomba kura. Alisimama Nairobi, walikoishi wafanyakazi aliowatetea, akambwaga wakili Clement Argwings-Kodhek.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mnamo 1961 katika eneo la Nairobi Mashariki. Wapigakura wengi huko walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake, Dkt Munyua Waiyaki, alikuwa Mkikuyu. Baadhi ya vigogo wa chama cha Kanu, ambacho Mboya alikuwa katibu mkuu wake, walitaka aanguke. Hata hivyo, kura zake zilizidi za Waiyaki zaidi ya mara kumi. Wafanyakazi walikuwa wamepima kazi ya mgombea, si ukoo wake.

Baada ya uhuru alihudumu kama Waziri wa Haki na Katiba, kisha Waziri wa Mipango ya Kiuchumi. Mnamo 1965 alisimamia waraka wa serikali kuhusu Ujamaa wa Kiafrika.

Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga alipatikana na hatia ya mauaji hayo na kunyongwa, lakini wengi waliendelea kuuliza ni nani aliyemtuma.

Kifo hicho kilizua uhasama mkubwa kati ya Waluo na Wakikuyu, jamii ambazo kura zao zilikuwa zimekutana kwa jina lake. Mwili wake ulirejeshwa Rusinga, kwa watu ambao hakuwahi kuwaomba kura, lakini ambao hadi leo humhesabu kuwa mjumbe wao.