BI. FRANCES NA VIJUMBA VYAKE

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Ndugu msomaji, ni nani kati yetu hakujenga kijumba cha boksi au gari la waya alipokuwa mdogo? Mimi nilijenga, tena nikakaripiwa ati napoteza wakati. Basi nilipopata habari za Bi. Frances Glessner Lee nilifurahi mno, nikaona si vizuri nikae nazo peke yangu.

Bi. Frances alizaliwa tarehe 25 Machi 1878 huko Chicago, Marekani. Baba yake, Mzee John Glessner, alikuwa tajiri wa mashine za kilimo. Frances na kaka yake George walifundishwa na walimu nyumbani. Walipokua, George akaenda Chuo Kikuu cha Harvard. Na Frances je? Siku hizo Harvard haikupokea wasichana, kwa hivyo akabaki nyumbani na sindano na uzi. Mwaka wa 1898 aliolewa na wakili, Bwana Blewett Lee, wakajaliwa watoto watatu. Ndoa hiyo haikudumu, wakaachana mwaka wa 1914.

Uraibu wake ulikuwa kutengeneza vitu vidogo vidogo. Mwaka wa 1913 alimtengenezea mama yake zawadi ya ajabu: okestra nzima ya Chicago, wanamuziki 90, kila mmoja na ala yake mkononi! Watu walistaajabu, lakini kwao huo ulikuwa mchezo tu wa mama tajiri.

Sasa, George alikuwa na rafiki aliyeitwa Daktari George Magrath, mchunguzi wa maiti katika mji wa Boston. Huyu ndiye aliyemfungua Frances macho. Kumbe mtu akifa kifo cha kutatanisha, askari waliingia chumbani wakakanyaga damu na kuhamisha vitu ovyo! Tena mahali pengi aliyepewa kazi ya kuamua sababu ya kifo hakuwa daktari, bali mtu aliyechaguliwa kwa kura. Matokeo yake muuaji anakwenda zake, na asiye na kosa anatiwa ndani.

Bi. Frances hakunyamaza. Mwaka wa 1931 alitoa fedha ili Harvard, kile kile chuo ambacho hakingempokea, kianze kufundisha elimu ya kuchunguza vifo. Lakini askari wafundishweje? Huwezi kuwapeleka darasa zima mahali mtu alipouawa. Hapo ndipo uraibu wake ulipofaa.

Katika miaka ya 1940, akiwa bibi mzee, alianza kujenga vijumba pamoja na fundi wake seremala, Ralph Mosher. Kipimo chake kilikuwa inchi moja kwa kila futi moja. Kiti cha futi tatu kikawa inchi tatu. Vitasa vilifungwa kwa ufunguo, taa ziliwaka, na soksi za wanasesere alizifuma mwenyewe kwa pini. Si mchezo! Ndani ya kila kijumba mlikuwa na mwanasesere aliyekufa, kufuatana na visa vya kweli. Hata rangi ya ngozi aliipaka kwa makini, kwa sababu rangi ya maiti humweleza mchunguzi mengi. Na wengi wa marehemu hao hawakuwa matajiri kama yeye. Walikuwa watu wa kawaida, hasa wanawake, katika vyumba vya hali ya chini. Yeye aliona kifo chao pia kinastahili kujulikana ukweli wake.

Kuanzia mwaka wa 1945 askari waliitwa Harvard kwa mafunzo. Kila mmoja alipewa dakika 90 kuchunguza vijumba viwili. Hakutakiwa kubahatisha muuaji, bali aangalie polepole, kuanzia kushoto akizunguka kama mshale wa saa, mpaka afike katikati. Ukipuuza kijitu kidogo kimoja tu, umekwisha!

Mwaka wa 1943 polisi wa New Hampshire walikuwa wamemfanya kapteni, akiwa na umri wa miaka 65. Alifariki tarehe 27 Januari 1962. Vijumba vyake 18 vilihamishwa hadi Baltimore mwaka wa 1968, vikaendelea kufundishia wapelelezi. Majibu ya vingi kati yake ni siri mpaka leo.

Wanafunzi wenzangu, hasa wasichana, tumeona kwamba mlango mmoja ukifungwa mikono haijafungwa. Nanyi walimu wetu wapendwa, mkimkuta mtoto na gundi, wembe na boksi, tafadhali msimkemee haraka. Muulizeni kwanza anajenga nini.