Al-Biruni, kibla na kivuli cha mti: hesabu wanayoikimbia vijana wetu

Mwaka jana nilialikwa kutoa darsa katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, upande wa wilaya ya Kibiti. Tulipanda boti Nyamisati, tukapita katika vijito vya mikoko kabla maji hayajapwa, tukafika karibu na Adhuhuri. Ndani ya msikiti nilikuta jambo ambalo wasomaji wengi mtakuwa mmelikuta kwingine. Mikeka ilitandikwa mshazari. Mihrab inaangalia huku, safu zinaangalia kule.

Kisa chenyewe ni kwamba kijana mmoja alirudi kutoka mjini na simu yenye dira, akatangaza kuwa wazee wamesali kombo miaka yote. Wazee nao wakasema waliojenga msikiti ule walikuwa mabaharia, hawakuhitaji simu. Nilipofika, jamaa walikuwa wanakaribia kugawana msikiti.

Niliongozana na mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenyeji wa Kibiti. Siku mbili kabla ya safari alikuwa ameniuliza kwa nini shuleni wanasumbuliwa na saini, kosaini na tanjenti, vitu ambavyo kwa maoni yake havimsaidii mtu wa kwao kuvua, kulima wala kusali. Sikumjibu siku ile. Nilimwonyesha mikeka, na usiku nikamsimulia habari za Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Allah amrehemu.

Al-Biruni alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, eneo ambalo leo liko Uzbekistan. Alilelewa kielimu na Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa watawala na bingwa wa hisabati, mmoja wa wanaotajwa kuigundua kanuni ya saini kwa pembetatu zilizochorwa juu ya tufe. Ikumbukwe kuwa neno hilo la saini linalowatoa jasho watoto wetu lina njia ndefu. Waislamu walilipokea kutoka India, likaandikwa kwa Kiarabu likasomeka jaib, yaani uwazi wa kifuani mwa nguo, na Wazungu wakalitafsiri kwa Kilatini kama lilivyosomeka. Anayedhani hii ni elimu ya Wazungu tupu basi hajui anachokikataa.

Mwaka 995 vita vilizuka Khwarazm, ukoo wa mwalimu wake ukapinduliwa, na al-Biruni akakimbia akiwa kijana wa miaka 22. Alipita katika dhiki kubwa mjini Rayy. Lakini mwaka 997 tunamkuta tena Kath, amepatana na Abu al-Wafa al-Buzjani aliyekuwa Baghdad kwamba wote wawili watazame kupatwa kwa mwezi. Mwezi unapopatwa, wote wanaouona wanaliona tukio lile lile kwa wakati mmoja, ila saa ya kila mji kwa kufuata jua lake ni tofauti. Tofauti ya saa moja ni nyuzi 15 za longitudo. Kwa njia hiyo watu wawili waliotenganishwa na majangwa walipima umbali wa miji yao kuelekea mashariki na magharibi bila ya yeyote kunyanyua mguu.

Alihudumu Jurjan, akarudi kwao, na mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna akaiteka Khwarazm. Al-Biruni na mwalimu wake walichukuliwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Kama alikuwa mateka au mgeni, wanahistoria hawajakubaliana. Mimi naona alikuwa vyote viwili. Oktoba 1018 alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, hana chombo hata kimoja cha kupimia. Alichukua ubao wake wa kufanyia hesabu, akachora tao lenye nyuzi upande wa nyuma, akafunga timazi, akapima mwinuko wa jua. Mwanafunzi wangu, ambaye alikuwa na kisanduku kizima cha vifaa vya jometri, hapo alinyamaza.

Kwa upande wa kibla, al-Biruni aliandika kitabu kizima, Tahdid nihayat al-amakin, alichokimaliza mwaka 1025, na moja ya haja zake kubwa ilikuwa kujua watu wa Ghazna waelekee wapi. Njia ni ile ile inayotumiwa na programu za simu leo. Unachora pembetatu juu ya mgongo wa dunia. Ncha moja ni mahali ulipo, ya pili ni Makka, ya tatu ni ncha ya kaskazini ya dunia. Ukijua latitudo za miji miwili na tofauti ya longitudo zao, saini na tanjenti zinakupa pembe.

Tulifanya hesabu hiyo kwa taa ya sola. Kibiti iko karibu nyuzi 7.7 kusini ya ikweta na longitudo ya karibu nyuzi 39 mashariki. Makka iko nyuzi 21.4 kaskazini na longitudo 39.8. Jibu ni kwamba kibla cha Kibiti ni kaskazini, kikiinamia mashariki kwa chini kidogo ya nyuzi 2, na masafa ni kiasi cha kilomita 3,240. Ukikosea nyuzi 10, mstari wako unapita zaidi ya kilomita 500 pembeni mwa Makka. Najua wanazuoni wengi wamesema aliye mbali anatosheka na upande, na jambo hilo lilipaswa kuwatuliza wale jamaa. Lakini sisi wa pwani wengi ni Mashafii, na kauli mashuhuri katika madhehebu hayo ni kuikusudia Kaaba yenyewe. Hivyo huwezi kuwalaumu kwa kutaka uhakika. Lawama ni kutaka uhakika na kuikimbia elimu inayouleta.

Jambo lililomfanya al-Biruni ajulikane duniani kote alilifanya kwenye ngome ya Nandana, katika Punjab ya Pakistan ya leo. Kabla yake, wapimaji wa Khalifa al-Ma'mun walitembea jangwani na kamba ili kupata urefu wa digrii moja ya dunia. Yeye alipanda mlima. Kwanza alipata kimo chake kwa kuitazama kilele kutoka sehemu mbili za bonde na kupima pembe. Kisha akiwa juu akatazama pale mbingu inapokutana na ardhi tambarare, akapima jinsi upeo ulivyoshuka chini ya mstari wa usawa. Ilikuwa dakika 34 tu, zaidi kidogo ya nusu ya digrii moja. Kwa kimo cha mlima na pembe hiyo ndogo alipata nusu kipenyo cha dunia. Ukigeuza dhiraa zake kwa kipimo kinachokubaliwa na wengi, unapata karibu sana na kilomita 6,371 tunazozijua leo. Kwa uadilifu niseme kuwa hewa hupinda mwanga, na wapo watafiti wanaoona kuwa ukaribu ule ulikuwa na bahati ndani yake. Njia yenyewe haina kasoro.

Tusidhani kuwa watu wa zama zake walimpigia makofi wote. Katika kitabu chake cha vivuli anaeleza habari za mtu wa msikitini aliyekataa chombo cha kujulia nyakati za sala kwa kuwa kiliandikwa miezi ya Warumi. Al-Biruni alimkumbusha kuwa Warumi nao hula chakula na hutembea masokoni, basi ajiepushe na hayo pia.

Na vivuli hivyo ndivyo tanjenti yenyewe. Wanahisabati wa Kiislamu waliiita dhill, kivuli. Kila anayesema Alasiri imeingia kwa kuwa kivuli kimelingana na kitu na kuzidi kile cha Adhuhuri, anatumia trigonometria, ajue asijue. Hali kadhalika fundi wa Kibiti anayepandisha kenchi kwenye nyumba ya mita 6 na kilele cha mita 1.5: paa lake limelala kwa nyuzi 26 na nusu, na kila ubao wa mteremko hauwezi kuwa pungufu ya mita 3.35. Fundi mzuri anajua kwa mazoea. Fundi mwanafunzi huharibu mbao.

Kuhusu msikiti, tuliwaachia njia isiyohitaji simu wala hesabu. Tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na 15 au 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu kabisa ya Kaaba, na saa yetu ni sawa na ya Makka. Mei huwa na mawingu, wakasubiri Julai. Yule mwanafunzi alirudi, akasimamisha mti wa mita moja kwa timazi. Kivuli kilianguka kusini, sentimita 56, kama hesabu ya usiku ule ilivyosema. Kutoka ncha ya kivuli kwenda kwenye mti, hicho ndicho kibla. Mihrab ya wazee ilikuwa imekosea nyuzi chache. Simu ya kijana ilikuwa imekosea zaidi, kwani alipima pembeni ya nguzo yenye nondo, na chuma huivuruga dira. Mikeka imenyooshwa. Mzee mmoja hajaridhika mpaka leo.

Al-Biruni aliendelea kuandika uzeeni. Qanun al-Mas'udi, kitabu chake kikubwa cha elimu ya nyota, kina sehemu nzima ya trigonometria, na inasimuliwa kuwa Sultani Mas'ud alimpelekea mzigo wa fedha juu ya tembo, naye akaurudisha. Alifariki Ghazna, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1048. Yaqut al-Hamawi amepokea kuwa faqihi mmoja, al-Walwaliji, aliingia kumjulia hali akiwa katika pumzi za mwisho. Al-Biruni akamuuliza suala la mirathi ya mabibi ambalo waliwahi kulijadili. Faqihi alimhurumia, akashangaa kuulizwa katika hali ile. Mgonjwa akamjibu kuwa kuiaga dunia akiwa analijua suala hilo ni bora kuliko kuiaga akiwa halijui. Basi faqihi akamweleza, naye akalirudia mpaka akalihifadhi. Faqihi akatoka, na akiwa bado njiani akasikia vilio kutoka nyumba ile.