Daktari Atiman wa Karema

Ukitoka Mpanda kwenda upande wa magharibi, utasafiri zaidi ya kilomita 100 mpaka Karema. Karema iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hapo aliishi mtu mmoja mwenye sifa kubwa. Jina lake ni Adriano Atiman. Alikuwa daktari, na pia katekista. Alifanya kazi Karema kwa muda wa miaka 67. Tusome habari za maisha yake.

Mtoto aliyeibwa

Atiman hakuzaliwa Tanganyika. Alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na Mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Siku hizi nchi hiyo inaitwa Mali. Alizaliwa mnamo mwaka 1866.

Alipokuwa bado mdogo, wafanya biashara ya watumwa walimkamata. Walimvusha jangwa la Sahara, wakamfikisha Algeria ili wamuuze. Mtoto huyo hakurudi tena kwao.

Huko Algeria walikuwako wamisionari walioitwa Mapadre Weupe. Waliitwa hivyo kwa sababu ya kanzu zao nyeupe. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Lavigerie. Mapadre hao walitoa fedha, wakamkomboa mtoto. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka kama 10.

Nani atamsomesha?

Kumkomboa mtoto ni jambo moja. Kumlea ni jambo jingine. Mtoto huyu hakuwa na baba wa kumlisha. Hakuwa na shamba la kurithi. Alihitaji chakula, nguo, mahali pa kulala na mwalimu. Vitu hivyo vyote vina gharama.

Askofu Lavigerie aliomba michango kwa Wakristo wa Ulaya. Mwaka 1881 alifungua shule katika kisiwa cha Malta. Shule hiyo ilikuwa ya vijana Waafrika waliokombolewa utumwani. Huko walijifunza utabibu. Atiman alikuwa mmoja wao.

Lavigerie hakuwataka vijana hao wote wawe mapadre. Wala hakutaka waishi kama Wazungu. Alitaka wawe matabibu, waoe, wakae na wananchi, wajitegemee kwa kazi yao, na kufundisha dini. Aliona kuwa tabibu hukaribishwa katika kila nyumba.

Safari ya kwenda Karema

Atiman alimaliza masomo mwaka 1888. Mwaka huo huo alisafiri kuja Afrika Mashariki. Kutoka pwani walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi. Safari ilikuwa zaidi ya kilomita 1,000. Mwaka 1889 alifika Karema. Alikuwa kijana wa miaka kama 23.

Karema ilikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea kando ya ziwa. Watu wengi waliokimbia hatari walikuja kukaa karibu na misheni. Atiman aliwaelewa vizuri watu hao. Yeye mwenyewe alikuwa amepita njia hiyo hiyo.

Kazi yake

Atiman aliwatibu wagonjwa wa homa na wa vidonda. Alifanya operesheni. Aliwatibu watu waliojeruhiwa na wanyama wakali. Alijifunza pia miti na mizizi ambayo wenyeji walitumia kuwa dawa. Hakuidharau elimu ya wazee.

Kazi haikuwa rahisi. Katika miaka ya kwanza hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Dawa zililetwa kutoka mbali, zikichukuliwa vichwani na wapagazi. Dawa zikiisha, ilibidi kusubiri.

Pamoja na kutibu, alifundisha dini. Watu waliona maneno yake na matendo yake yanakwenda pamoja.

Nyumba yake

Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Kwa ndoa hiyo, mgeni aliyeibwa kwao akapata ukoo mpya. Akawa mwenyeji wa Karema.

Mtoto wao Yosefu aliitwa kuwa padre. Jambo hili si dogo. Padre wa Kanisa Katoliki haoi. Kwa hiyo mzazi anayemtoa mwanawe hatarajii kupata wajukuu kwake. Tena masomo ya upadre huchukua miaka mingi. Miaka hiyo yote kijana hamsaidii baba yake shambani. Hata hivyo Atiman na Agnes walimtoa mtoto wao. Mtoto aliyelelewa kwa michango ya wengine, sasa yeye mwenyewe alitoa.

Atiman aliuona utawala wa Wajerumani. Aliiona Vita Kuu ya Kwanza. Aliuona utawala wa Waingereza. Watawala walibadilika, lakini yeye aliendelea kuwatibu watu. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama 90. Miaka 5 baadaye Tanganyika ikapata Uhuru. Leo mjini Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake.

Tunajifunza nini?

Wakatoliki husema kuwa Mungu ndiye anayemwita mtu kuwa padre, sista, bruda au katekista. Kila mwaka, Jumapili ya nne ya Pasaka, huombea miito hiyo duniani kote. Lakini anayeitwa naye hula, huvaa na huhitaji vitabu. Asiposaidiwa, huenda akashindwa njiani. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Atiman alikombolewa na watu, akalishwa na watu, akasomeshwa na watu. Nao watu wa Karema wakapata daktari kwa miaka 67.

Hapa Katumba tunaelewa habari hii. Wazee wetu wengi walifika baada ya mwaka 1972, wakikimbia mauaji nchini Burundi. Walifika bila mali. Walikata miti, wakalima, wakajenga nyumba, shule na makanisa. Wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Tangu mwaka 2000 Wakatoliki wa huku wana jimbo lao la Mpanda. Wapo watoto wetu wanaotaka kuwa mapadre na masista. Wapo pia wanaotaka kuwa waganga na walimu. Debe la mahindi, jozi ya viatu au nauli ya kwenda shule yaweza kuwa msaada mkubwa kwao.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Atiman alizaliwa wapi? Alifikaje Algeria?
2. Ni watu gani waliomsaidia Atiman kabla ya kufika Karema? Kila mmoja alitoa nini?
3. Mzazi hupoteza nini mtoto wake anapokuwa padre au sista? Hupata nini?
4. Katika kijiji chenu, ni kijana gani anayehitaji msaada ili afuate wito au masomo yake? Mtamsaidiaje?